Mama Pua na Jumatatu Zake za Fiano

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika hoteli yetu, msimamizi wa mvinyo, anayejulikana kuanzia jikoni hadi mapokezi kwa jina la Mama Pua, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi ulimwomba msaidizi wake wa miaka kumi na sita, yaani mimi, aandike wasifu huu. Nilikubali upesi kabla kazi hiyo haijapelekwa kwa mpishi mkuu, ambaye angemsifu bila kipimo.

Alianza kazi akiosha glasi. Inasemekana alikuwa akinusa glasi chafu na kutaja ilikuwa na mvinyo gani, na hakukosea. Miaka sita baadaye alikabidhiwa funguo za ghala la mvinyo. Mimi nilifika na vyeti viwili na tai mpya, nikapewa kazi ya kumshikia ndoo ya kutemea mvinyo wa kuonja.

Sifa yake kubwa ni Fiano, mvinyo mweupe wa kusini mwa Italia. Zamani tuliupeleka mezani ukiwa baridi kama barafu, pamoja na nyama ya ng'ombe yenye pilipili. Mama Pua alipiga marufuku yote mawili. Aliagiza chupa itolewe kwenye friji robo saa mapema, kwa kuwa baridi kali huficha harufu. Ukipewa nafasi, mvinyo huo hunukia peasi iliyoiva, asali kidogo, na mwishoni lozi zilizokaangwa. Kisha akaupatia mwenzi wake: samaki mzima wa kuoka kwa limau na mafuta ya zeituni. Uchachu wa mvinyo husafisha mafuta mdomoni, na samaki naye hapigi kelele. Wageni walipenda, na menyu ikaongezewa mstari: Chaguo la Mama Pua.

Mstari huo ulininyima raha. Kila nilipopanga meza asubuhi, nilihakikisha kichupa cha chumvi kimekaa juu yake.

Kila Jumatatu saa nne tulionja shehena mpya kwenye chumba kidogo kando ya jiko. Msaidizi huonja kwanza, ili chupa ikiwa imeharibika isimchafulie mkubwa ulimi. Lakini mkubwa ndiye husema kwanza. Nilionja, nikatema, nikamsubiri. Yeye alionja, akanitazama kidogo, kisha akatamka lile lile lililokuwa mdomoni mwangu. Nilirudi nyumbani nikamlalamikia mke wangu kwamba yule mama ananiibia maneno. Mke wangu aliniambia nile chakula kabla hakijapoa.

Mwezi Machi Mama Pua alikosea. Alikataa makasha sita ya Fiano akisema umeharibika, kumbe ulikuwa mzima kabisa. Mpishi mkuu alionja akatikisa kichwa. Naona haya kukiri, lakini nilipiga mluzi wiki nzima. Hata chumvi niliiondoa.

Ijumaa akaniita ghalani, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, Jumatatu ile jino lilikuwa linakuuma, eh?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, la nyuma, upande wa kushoto, na ubaridi wa mvinyo uliligusa.

"Basi ndiyo hivyo. Ulikunja uso, nikadhani ni mvinyo."

Akanieleza yote. Miaka minne iliyopita aliugua mafua makali, na tangu hapo hasikii hata harufu ya kitunguu. Amekuwa akiusoma uso wangu. Nikiinua nyusi, mvinyo una tunda. Nikitafuna mdomo mtupu, unataka samaki. Nikikuna sikio, ni kuku au jibini laini. Miaka kumi na miwili ya kwanza alinishinda kwa haki. Minne ya mwisho nilikuwa naionea wivu pua yangu mwenyewe.

Nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini alinificha.

"Ningekwambia, ungeanza kuuchunga huo uso. Na mimi ningeishia wapi?"

Nilimwahidi kunyamaza. Yeye akakataa, akapanda ngazi mwenyewe kwenda kuueleza uongozi, na ndiye aliyetaka habari hii iandikwe hapa bila kupunguzwa. Menyu mpya zimetoka juzi. Chini ya Fiano pameandikwa: Chaguo la Bwana Chumvi. Ndipo nikajua kwamba jikoni wote wananiita hivyo, tena siku nyingi.

Wivu wangu haujaisha, umehama tu kutoka puani mwake hadi machoni mwake. Mke wangu amenitazama miaka ishirini na bado huniuliza kama chakula kimekolea. Mama Pua alinisoma miaka minne, akakosea mara moja, na kosa lenyewe ni la jino. Jumatatu iliyopita, yeye akiwa tayari kwenye likizo ya kustaafu, nilionja peke yangu. Nilitafuna mdomo mtupu, nikainua macho, na hapakuwa na mtu.

Mama Pua, asante kwa yote uliyotufundisha. Tunakutakia siku njema na ndefu, na tunakuombea harufu ya limau ikurudie. Hata isiporudi, njoo Jumatatu saa nne. Kiti chako nimekiacha palepale, mbele ya uso wangu.