Kundi la Heaika Halipiti Gállu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la ushirika, upande unaopata jua. Mei hii, huku kaskazini, theluji imebaki madoa madoa, na chupa ya kahawa ilikuwa katikati, jibini likilowa ndani ya kahawa vikombeni, kama tunavyoinywa huku. Tulikuwa wanne: Ravdna mwenye chupa, Jovnna, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, shemeji yake Heaika, na mimi. Asubuhi hiyo Heaika alikuwa amepeleka machinjioni kulungu wake wa kufugwa wote waliobaki. Tangu mitambo ya umeme wa upepo isimikwe mlimani Gállu, kundi lake liligoma kupita kwenda malisho ya kuzalia. Majike wakazalia bondeni, kwenye barafu, na ndama wakafa.

— Ni sauti, akaanza Redio. Yale mapanga ya mitambo yanavuma yakizunguka. Sisi hatusikii, kulungu anasikia.

— Wewe utasikia nini, na mdomo wako haujapumzika tangu Krismasi? Ravdna akamwambia.

— Dharau tu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu sikio.

Ravdna akatikisa kichwa.

— Wanaona tai, mimi nakwambia. Jike akiona kitu kinapiga mabawa juu ya mlima, hapiti na mwanawe pale. Hata ningekuwa mimi.

— Tai gani wa mguu mmoja, mama?

— Wewe muulize jike.

Nami nikatia yangu. Nikasema kulungu hufuata upepo, ndio unaowaletea harufu ya njia. Sasa upepo wa Gállu umeuzwa; ukishapita kwenye mapanga, unanuka mmiliki mpya.

— Hapo umetuacha, bwana, akasema Redio. Kesho utasema hata kivuli kimefungwa mita.

— Si wenye mitambo walituita mkutanoni wakasema ni maendeleo endelevu? nikauliza.

— Yameendelea kweli, akajibu Redio. Yameendelea mpaka yametupita.

— Na umeme safi, akasema Ravdna.

— Safi, ndiyo. Umesafisha bonde zima.

Redio akakumbuka aliyekaa kando yake, akainamia kikombe.

— Shemeji, niwie radhi.

— Hujakosea, akasema Heaika. Bonde ni jeupe, halina hata unyayo. Nimepita leo.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubishana na kila mtu, wa mkutanoni na wa nyumbani. Ravdna akamwongezea jibini bila kumwuliza.

Ndipo Torunn, muuguzi mpya kutoka kusini, akatoka dukani na mkate kwapani. Tukasogea, akakaa, akapewa kahawa. Akauliza kuna nini, Ravdna akamweleza kwa sauti ya chini: kundi, mlima, machinjio. Dada wa watu akasikiliza mpaka mwisho. Hakutoa pole zile za haraka. Akamgeukia Heaika.

— Sasa, mzee, kesho ukiamka utakwenda wapi?

Nilimtazama Ravdna, Ravdna akatazama chupa. Sote tulikuwa na jibu la kwa nini kulungu hawapiti. Hili hatukuwa tumeliuliza.

Heaika alilifikiria swali taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia na msafiri na hataki kumpoteza.

— Sijui, binti, akasema. Tangu nijue kutembea, kulungu ndio huamua.