Marehemu Aneth Gwakisa Chitanda, Meneja wa Wabanguaji Korosho (1974–2025)

Padre, wazee wa Likunja, wakwe zetu, na ninyi nyote mliotoka Nachingwea tangu alfajiri: mimi ni Richard Gwakisa, mdogo wake marehemu. Familia imenikabidhi kazi ya kuyasoma maisha ya dada yetu, na imeniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Dada Aneth alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Masoko, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Gwakisa Mwakalobo na Mama Tumpe. Alilelewa zaidi na bibi yetu, aliyeuza ndizi na hakujua Kiswahili. Wanunuzi wa mbali walipofika, Aneth wa miaka minane ndiye aliyekuwa mkalimani. Siku moja bibi alimwambia mnunuzi kwa Kinyakyusa kwamba yeye ni mwizi. Aneth akamgeukia mtu yule na kusema, "Bibi anaomba uongeze kidogo." Mnunuzi akaongeza. Bibi akabaki kushangaa: "Nimemwita mwizi, mbona anatabasamu?"

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Masoko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992 jijini Mbeya, na mwaka 1997 alipata stashahada ya biashara Dar es Salaam. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa karani wa chama cha ushirika Nachingwea. Mama alilia siku mbili, kwa kuwa aliamini Nachingwea ni mwisho wa nchi.

Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Kornel Chitanda, mwenyeji wa hapa Likunja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2002, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lusiana na Amedeus. Shemeji Kornel alimfundisha Kimwera. Aliongea kwa lafudhi ya Kinyakyusa na watu walimcheka, naye hakuacha.

Mwaka 2009 alijiunga na kiwanda cha kubangua korosho kilichomilikiwa na kampuni ya Ulaya, na mwaka 2016 akawa meneja wa kwanza Mtanzania. Tulisherehekea. Hatukujua kwamba tangu siku ile angekaa katikati ya watu wasioelewana, na kila upande ungemwona ni wa upande wa pili. Alikuwa akiniambia kwamba Wamwera walimfundisha kwa miezi mitatu kuwa "tutaona" ni hapana ya heshima. Ilimchukua miaka kutambua kwamba "tumelipokea" la makao makuu nalo ni hapana.

Mwezi Januari 2023 makao makuu yalileta mashine ya kuandikisha mahudhurio kwa alama za vidole. Sasa, kila aliyewahi kubangua anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Ukibangua miaka mingi, hata ukijipaka majivu, vidole huwa laini kama kioo. Mashine ilimkubali Rahabu, mke wa mfugaji aliyehamia juzi kutoka Kanda ya Ziwa, kwa sababu alikuwa na wiki mbili tu kazini. Ikamkataa Bi Kulthumu wa Lionja, aliyebangua miaka kumi na mitatu na kuwafundisha wote.

"Mama Lusiana," Bi Kulthumu alimuuliza, "kitu hiki kinanikataa mimi au kinaikataa kazi yangu?"

Wanawake arobaini na mmoja waliandikwa watoro wakiwa wamekaa mezani wanabangua. Dada aliandika barua. Akapiga picha za vidole vyao, akazituma. Alijibiwa kwa mchoro unaoonyesha namna sahihi ya kuweka kidole. Akafungua daftari la mahudhurio, akapewa onyo la maandishi kwa kuendesha utaratibu usioidhinishwa. Mkurugenzi, Bwana Hendrik, alimwambia kwa simu, "Aneth, umekaa na hao watu mno. Unawatetea." Jioni ileile alisikia mbanguaji akinong'ona nje ya dirisha, "Huyu ni mtu wa Wazungu."

Mwezi Mei ikaja amri kwamba wenye utoro mkubwa zaidi waachishwe kazi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliambiwa kiwanda kitafungwa msimu mzima, na watu wote mia mbili warudi nyumbani. Akatia sahihi barua tisa. Ya Bi Kulthumu ilikuwa mojawapo.

Mwezi Septemba Bwana Hendrik alikuja mwenyewe. Alikaa kiwandani dakika arobaini. Akaweka kidole chake kwenye mashine, ikaitika mara moja. "Unaona?" akasema, "haina tatizo." Kisha akapanda gari.

Februari 2024 mashine iliondolewa, zikaletwa kadi. Barua ilieleza kwamba wazo hilo zuri limetoka kwenye kiwanda chao cha nchi nyingine. Dada alijifungia ofisini akalia kwa hasira; anisamehe kwa kulisema. Halafu akaenda nyumba kwa nyumba kuwarudisha wale tisa. Wanane walirudi.

Bi Kulthumu alimpokea, akampa kiti na maji. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "najua halikuwa wazo lako. Lakini sahihi ni yako."

Dada aliniambia ndilo neno pekee katika mwaka ule lililofika bila kuhitaji mkalimani.

Presha ilimwanza mwaka 2021. Daktari alimwambia apumzike. Naye akasema atapumzika msimu ukiisha, na misimu haikuisha. Tarehe 2 Julai mwaka huu alipatwa na kiharusi akiwa kwenye kikao cha simu na makao makuu. Walioko upande wa pili walidhani mtandao umekatika. Aliuguzwa wiki tano, na akafariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Mwalimu Kornel akiwa amemshika mkono.

Sisi wa Rungwe tulitaka kumpeleka Masoko. Nilisema maneno makali kwa wazee wa hapa, na hakuwapo wa kuyapoza. Juzi Lusiana akatuonyesha alichoandika mama yake: "Nizikwe Likunja. Msigombane." Wazee wangu, naomba radhi mbele yenu nyote.

Ameacha mume, Mwalimu Kornel, watoto wawili, Lusiana na Amedeus, mama yake mzazi, Mama Tumpe, aliyesafiri siku mbili kuja kuuona mwisho wa nchi, ndugu wanne, na wabanguaji waliofunga kazi leo bila kumwomba mtu ruhusa.

Dada Aneth, Mungu akupe pumziko ulilonyimwa kazini.