Papa Katembo Wenceslas na Injini Iliyokohoa kwa Makusudi

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujamsindikiza Papa Katembo Wenceslas, familia inaomba masikio yenu, maana habari zake mnazijua nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1950, akasoma shule ya msingi huko huko, na mwaka 1968 akatumwa Kisangani kwa baba yake mdogo, muuzaji wa vitambaa, ili ajifunze biashara kama watu wa kwao, lakini yeye alilipenda lori lililoleta vitambaa kuliko vitambaa vyenyewe, akaingia shule ya ufundi, akapata diploma ya umekanika mwaka 1972. Alifanya kazi katika kampuni ya kusafirisha kahawa hadi uporaji wa mwaka 1991 ulipoifunga, kisha akafungua garaji yake hapa Kisangani, mtaani Tshopo.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, alifunga ndoa na Mama Berthe, binti wa wavuvi Wagenia wa maporomoko, na Mungu akawajalia watoto watano, Colette akiwa kifungua mimba.

Vita vilipokata njia na vipuri vikaadimika, Papa alianza kupachika injini mpya za enjeksio, zile ambazo mafuta yake hupimwa na kompyuta, ndani ya magari ya zamani ambayo wengine walikuwa wameyaachia kuku. Mwaka 1999 aliipa Peugeot 404 ya shemeji yake Octave injini ya Toyota, akairekebisha kwa subira hadi ikakubali hata esanse, yaani petroli, ya chupa ya makadhafi wetu, wale wauza mafuta wa barabarani, na kwa gari hilo Octave akawa anawaleta hospitali wagonjwa na wajawazito wa barabara ya Bengamisa, ambao hawakuwa na gari lingine, kwa sababu kila gari zima lilichukuliwa na wenye bunduki.

Ndipo Papa alipofanya jambo ambalo fundi mwenye jina hafanyi, akaunga waya kwenye kipimo cha joto ili kompyuta iamini injini iko baridi daima, imwage mafuta kupita kiasi, itetemeke, ikohoe na kutoa moshi mweusi, na chini ya kiti cha Octave akaficha kitufe cha kuiponya mara kizuizi cha askari kinapobaki nyuma. Askari walilisikia, wakaziba pua, wakalifukuza lipite.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mji haukujua, mkamwita Docta Moshi, wateja wakahama, Colette akarudi kutoka sokoni analia kwa kuchekwa, na Mama Berthe akamsihi awaambie watu ukweli, naye akajibu, "Mama Colette, jina itapona, lakini gari wakiibeba haitarudi." Iliuma, tusifiche, kwa kuwa kazi safi ndiyo iliyokuwa fahari yake, na kwa miaka minne aliipitisha mbele ya macho yenu ikiwa imechafuliwa na mkono wake mwenyewe.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Mwezi Julai, vizuizi vilipoondolewa, aliomba abebwe hadi garaji, akautoa ule waya kwa mikono iliyovimba, akasikiliza injini ikiimba kama alivyoitaka tangu mwanzo, akacheka peke yake. Jumanne, tarehe 19 Agosti 2003, alfajiri, alituacha, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake walioacha kazi zao leo. Tunawashukuru pia ninyi nyote mliomcheka, wala msiinamishe vichwa, kwa maana hakuna askari ambaye angeuamini ule moshi kama mji mzima usingecheka, na kwa kicheko chenu watoto wengi waliosimama hapa walizaliwa hospitali wakiwa hai. Yeye alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kuwakasirikia.

Docta wetu, jina limepona. Pumzika kwa amani.