Kadi Niliyoikimbiza Ikiwa Imevaa Kitambaa

Ndugu zangu, mama zangu, kabla hamjakaa sawasawa niseme kosa langu, maana nikichelewa nitalipamba. Niliivalisha kompyuta nguo, kisha nikailazimisha ikimbie.

Wiki iliyopita dada mmoja alisimama hapa mbele akatueleza jinsi alivyovuka mto na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Tulilia wote. Leo zamu ya ushuhuda ni yangu, na mimi nawaletea habari ya kadi ya kompyuta. Msicheke bado. Fasi ya kucheka, yaani mahali pake, iko mbele, na ni kubwa.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Nilipofika Uganda, hapa kambini Nakivale, kutoka Kivu ya Kusini nilijenga nyumba, nikatia mlango, nikaingia. Kisimani alikwenda mke wangu, sokoni mke wangu, kwenye mgao wa chakula mke wangu, mpaka wamama wengine wakaanza kumpa pole ya ujane. Si kiburi, jamani. Baada ya yale tuliyoyaona kule nyumbani, kila hodi ilinipeleka chini ya kitanda. Miaka miwili mlango wangu haukugongwa, na mimi nikajisifu kwamba hiyo ndiyo amani. Nawaambia, haikuwa amani. Nilikuwa nalala chali nahesabu misumari ya bati.

Kisha shemeji yangu akapata safari ya kwenda ng'ambo, akaniachia kompyuta yake ya mezani, ile yenye sanduku kubwa. Ndani kulikuwa na mchezo wa mpira wa miguu. Umeme nilivuta waya kwa jirani, mama mwenye jenereta na mashine ya kusaga mahindi. Hata kuomba ule waya sikwenda mimi. Mnajua alikwenda nani.

Jumamosi moja mchana vijana wawili wakasikia kelele za goli, wakachungulia. Jumamosi iliyofuata walikuwa sita. Baada ya miezi michache nyumba ilijaa: vijana mbele ya kioo, na wazazi waliokuja kuwatafuta wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai ya mke wangu na kusema habari zao. Mimi nilisimama mlangoni nahesabu viatu kwa furaha. Fikirini! Mtu wa ndani amepata watu bila kutoka nje!

Sasa mwaka 2013 mmoja akaleta mchezo mpya ndani ya flashi. Mchezo mzuri, lakini mzito. Mashine yangu ikaubeba kama punda aliyetwikwa matofali. Wachezaji wakawa wanatetemeka, mpira unatoka mguuni unaonekana wavuni, njia iliyopita hujaiona. Kijana mmoja akaniambia, "Papa, huyu muchezaji yako iko na malaria?" Mwingine akasema kule Base Camp, penye ofisi za kambi, mtu amefungua chumba chenye kioo kikubwa, na mchezo unateleza kama maji. Jumamosi iliyofuata kwenye mlango wangu kulikuwa na viatu vya watu wazima tu. Kijana hakuja hata mmoja.

Niliogopa, ndugu zangu. Nyinyi mnaweza kuona ni mchezo. Mimi niliona ile misumari ya bati inarudi.

Nami nilisoma, si mnajua? Nilifika mwaka wa nne wa sekondari, na elimu ya mwaka wa nne inatosha kabisa kuharibu kitu. Nikasoma kwenye simu kwamba ndani ya sanduku kuna kadi inayochora picha za kioo, kwamba kiwandani imepewa mbio zake, na kwamba kuna programu ya kuziongeza. Makala yenyewe ilikuwa na nusu mbili: nusu ya kwanza jinsi ya kuongeza, nusu ya pili jinsi ya kuongeza bila kuua. Bando langu liliisha katikati.

Programu ilikuwa na mistari mitatu ya kusukuma: mbio za kadi, mbio za kumbukumbu yake, na nguvu ya umeme. Nikaisukuma yote mitatu mpaka mwisho, kama mgeni aliyeambiwa ajipakulie maharage mwenyewe.

Na nguo je? Nyinyi wa kwetu mnajua. Kwetu kitu cha heshima sebuleni hakikai uchi. Kiti kina kitambaa cha kufuma, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa. Mke wangu aliifumia kompyuta kitambaa cha njano chenye shada, kikaifunika juu, ubavu na mgongo, fasi ile ile inapopumulia. Ilipendeza! Ungedhani inakwenda kubarikiwa ndoa.

Jumamosi saa nane mchana, bati linawaka, nikaita vijana: "Kuyeni muone!" Wakaja. Dakika tano za kwanza, ndugu zangu, zilikuwa mbinguni. Wachezaji walikimbia! Mpira unazunguka unauona! Vijana wamesimama juu ya benchi, na mimi natembea mule ndani kama gavana. Dakika ya sita majani ya uwanja yakageuka zambarau. Kipa akapoteza kichwa, akaendelea kudaka. Kijana akauliza, "Papa, hii ni mupira ao ni mashetani?" Kabla sijajibu ikalia pa! Moshi, harufu ya nywele zilizoungua, kioo cheusi. Walitoka mbio, na mmoja aliondoka na viatu vya pasta wetu, aliyekuwa amekuja kutazama.

Nililala siku tatu nimegeukia ukuta. Siku ya nne mke wangu akasimama juu ya kichwa changu.

"Ile mashini haina miguu," akasema. "Weye uko nayo. Beba, uende kwa fundi Mbarara."

"Mbarara ni mbali."

"Kivu ilikuwa karibu?"

Nikaenda. Niliifunga kompyuta ndani ya blanketi, nikaipakata juu ya pikipiki, vumbi lote la barabara tukagawana mimi na hiyo kompyuta. Tulipofika mjini mama mmoja akaniona nilivyoikumbatia, akanionyesha kwa huruma njia ya hospitali ya Ruharo.

Fundi alikuwa mwanamke, Mnyankore wa huko huko, mwenye kibanda nyuma ya duka la vyombo. Akafungua sanduku. Akachukua kibanio chembamba, akaanza kuvuta uzi wa njano kutoka kwenye feni ya kadi. Akavuta. Akavuta tena. Uzi ule ungetosha kuanza kitambaa kingine.

"Ssebo, bwana, hii ni nini?"

"Ni uzi."

"Uzi ya nini?"

"Ya nguo."

"Nguo ya nani?"

Nikatazama chini. "Ya kompyuta."

Akaweka kibanio mezani. "Kompyuta iko nasikia baridi?"

Kibanda chote kilicheka. Muuza vyombo alitoka dukani kwake kuja kuuliza kuna nini, akaambiwa, akarudi kuwaita wengine. Nami, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, nikacheka katikati ya watu nisiowajua, nikaona sijafa.

Alipomaliza kufuta machozi akaniambia, "Kadi yako iko mzima. Kadi iko na akili kupita wewe: iko naona joto, iko najizima. Kitu nakufa ni hii," akanionyesha sanduku dogo la kugawa umeme, jeusi kama chungu. Hilo alilibadilisha. Halafu akavuta kigoda. "Kaa hapa. Wewe napenda mbio? Mbio si mubaya. Mutu nakimbia bila kupumua, huyo ndio mubaya."

Akaipuliza kadi vumbi. Akakwangua dawa ya kupitisha joto, imekauka kama chaki, akatia mpya, kiasi cha punje ya mchele. Akaniambia: panda kidogo, hatua moja, cheza, angalia joto. Likigusa themanini na tano, rudi. Ukiona rangi ya ajabu, rudi hatua mbili na ukae hapo. Nilipogusa ule mstari wa nguvu ya umeme akanipiga kidole kama mtoto anayeiba sukari. "Hii gusa hapana. Na umeme yako natoka wapi?"

"Kwa jirani. Jenereta ya kusaga mahindi."

"Iko nasaga na wewe nacheza?"

"Ndiyo."

"Basi umeme naruka ruka. Enda ongea na yeye kwanza."

Ndugu zangu, ya vumbi niliweza, ya dawa niliweza. Hii ya kwenda kuongea na mtu ndiyo ilinitoa jasho. Jirani yangu wa miaka yote, hatua thelathini kutoka kwangu, na sijawahi kugonga mlango wake! Niliporudi Nakivale nilipita mbele yake mara tatu kama mwizi wa mchana. Mara ya nne nikagonga. Nikasema "hodi" na sauti ikatoka ya mbuzi. Akafungua, unga mpaka kwenye nyusi. Nikamweleza yote: kitambaa, moshi, uzi, na hata lile ambalo sijamwambia mke wangu, kwamba naogopa watu wataacha kuja kwangu. Akanisikiliza, akajipangusa mikono, akasema tu kwamba Jumamosi atasaga asubuhi, mchana jenereta ni yangu.

Tukaanza. Sanduku juu ya matofali mawili, karibu na dirisha, ubavu wazi, kitambaa kimehamishiwa meza ya Biblia. Mimi nasukuma mstari, hatua moja. Mke wangu na daftari anaandika joto kama muuguzi. "Sitini na nane! Sabini na moja! Sabini na tatu! Simama, upumue!" "Mimi au kadi?" "Bote mubili!" Hatua ya saba vikatokea vidoti vyeupe uwanjani. Zamani ningesukuma zaidi. Nikarudi hatua mbili. Vidoti vikatoweka. Joto likasimama kwenye sabini na sita, na wachezaji, nawaambia, wakateleza! Malaria imepona! Mke wangu alitupa daftari juu, akanishika mikono, tukacheza sebuleni mchana kweupe kama watu waliopata safari ya ng'ambo.

Jumamosi ile viatu vilifika mpaka barabarani. Mpaka leo kadi inakimbia, inapumua, na kila mwisho wa mwezi naipuliza vumbi.

Namshukuru fundi wa Mbarara aliyenicheka kwanza na kunifundisha baadaye. Namshukuru mke wangu kwa miguu aliyonikumbusha, na vijana kwa kurudi. Fundisho langu ni dogo: ukitaka kwenda mbio, ongeza hatua moja, ujipime, na usione haya kurudi mbili. Na kama hofu imekushika, enda ukaiseme kwa mtu kabla haijaunguza kitu.

Namshukuru pia jirani yangu, yule pale nyuma anayenitazama vibaya. Jumamosi ile, nyumba imejaa, nilimwambia kwa majivuno, "Unaona, mama? Mashine imepona, watu wamerudi." Akanijibu mbele ya wote, nami nayarudisha maneno yake kama alivyoyasema:

"Batoto baliendaka kufata mupira, ni batoto. Sisi bakubwa hatukuendaka fasi yoyote. Tunakuyaka hapa juu ya chai ya bibi yako, na ile makelele ya mashini yako tunavumiliaka tu."