Hedifoni za Mume Wangu

Ndani ya basi la jijini Busan, Korea Kusini, Ki-tae alikaa nyuma ya wanawake wawili waliokutanishwa na kiti. Hedifoni zake zilikuwa zimeisha chaji tangu asubuhi, lakini hakuzivua. Mwenye hedifoni huhesabiwa hayupo, na umbea wa basini ni mtamu.

"Binti yangu ana mtihani wa kuingia chuo kikuu," alisema mwenye kapu la vitunguu saumu, "kwa hiyo nyumba nzima tunanong'ona. Mume wangu filamu zake anaangalia na hedifoni. Dada, nimepata pa kupumulia. Nakaa nyuma yake namenya vitunguu, namtolea yangu yote ya miaka ishirini. Mama yake alivyoniita mvivu. Kabichi ya kimchi ya huyo mama isivyolika."

"Na hageuki?"

"Wapi. Anacheka na filamu yake. Juzi nikamwambia ningezaliwa tena, nisingemchagua yeye. Nikalia kidogo, nikaenda kulala."

"Asubuhi akasemaje?"

"Nilimkuta anaosha vyombo."

"Kwani huwa anaosha vyombo?"

"Hajawahi hata siku moja," alisema mwenye kapu. Kisha wote wawili wakageuka polepole, wakamtazama Ki-tae na hedifoni zake. Naye akaanza kuchezesha kichwa, kama mtu aliyekolewa na wimbo, mpaka basi liliposimama.