Wimbo wa Macho Makavu

Mama zangu na dada zangu wa kikundi chetu cha kusaidiana, naomba msinipigie makofi bado. Mwenyekiti ameniambia nisimame niwaeleze vile nilitoka shimoni. Nilimjibu kwamba kusimama mbele ya watu ndiko kulinitia kwa hilo shimo. Kwa hiyo mkiona naangalia chini, msifikiri ni dharau. Ni aibu. Aibu naijua kuliko vile najua kusoma, kwa sababu shule niliachia darasa la tatu lakini aibu nilisomea mpaka mwisho.

Tena nimeambiwa hapa hatutaji watu majina. Nisameheni, mimi nitataja. Wao walinitaja kwa wimbo miaka mingi, na sikusikia mtu akiwaambia wanyamaze.

Nilizaliwa Malakisi, nikaolewa upande wa Sirisia kwa kijana alikuwa anaitwa Simiyu. Alikuwa analima tumbaku, na alikuwa na mluzi mtamu. Hata kunichumbia alinichumbia na huo mluzi, akipita kando ya kisima chetu ati anatafuta ng'ombe, na ng'ombe hakuwa nayo. Nilikuwa nikiusikia natabasamu peke yangu kama mjinga.

Baada ya harusi ule mluzi ukageuka. Alikuwa akitoka kwa pombe anakuja akiupiga, ule ule, na nikiusikia kwa kona ya shamba naondoa sufuria ya moto njiani, namlaza mtoto kitandani, naingoja ngumi. Ndugu zangu, nawaambia mnielewe: hakuwa ananipiga kimya. Nilikuwa nalia kwa sauti. Nyumba ya ndugu yake Wanjala ilikuwa hapo, mtu akikohoa huku, kule wanasikia. Dada yao Nafula alikuwa anakuja asubuhi kuomba chumvi, anaangalia uso wangu ulivyovimba, anachukua chumvi, anaenda.

Halafu katikati ya ile miaka ya themanini Simiyu akashikwa na tumbo, akafa. Mtoto wangu Barasa nilikuwa bado nambeba mgongoni.

Sasa, nyinyi ambao si wa kwetu niwaeleze. Kwetu siku ya kuzika, mjane ndiye anaanza. Anasimama kando ya jeneza, anatoa wimbo wa kumlilia mzee wake, anataja mambo aliyomfanyia, alimnunulia nini, alimjengea nini, alimwita jina gani wakiwa wawili. Akishaanza, ndipo wamama wengine wanampokea. Mjane asipotoa, matanga yote yanasimama hapo.

Nikasimama. Watu walijaa mpaka kwa migomba ya jirani. Nikafungua mdomo. Nikatafuta jambo la kutaja, na kila nililoshika lilikuwa mkono wake. Nitaimba nini? Nitaimba vile alinivunja jino? Nikabaki nimefungua mdomo, hakuna sauti, hakuna chozi. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Wee, huyu analia au anapiga miayo?" Na kicheko kidogo. Nafula ndiye akaruka mbele akaanza kulia kwa niaba yangu, na alilia vizuri, yule mama anajua kulia.

Kutoka siku hiyo, kwa midomo ya watu, mimi ndiye nilikuwa nimemuua. Wanjala alisema waziwazi, "Mtu hawezi kulilia kazi ya mkono wake."

Mngefikiri iliisha hapo. Haikuisha, kwa sababu mwezi wa nane ulifika na ulikuwa mwaka wa tohara. Huo msimu watu wanaimba barabarani kutoka boma hadi boma wakisindikiza vijana, na nyimbo zina ruhusa ya kusema chochote. Wanjala ndiye alikuwa anatoa nyimbo kijiji chetu. Akatunga moja. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Macho makavu, macho makavu,*
*Simiyu amelala, bibi anamwangalia.*
*Mvua ilinyesha kwa wote,*
*kwake ilipita wapi?*

Na wote wanaitikia, *ilipita wapi?* Watoto wadogo, wazee, hata watu niliowapa mboga. Mimi niko kwa mlango wangu na kikapu mkononi, wimbo unapita, watu wanageuza shingo kuniangalia. Wimbo ulikuwa mzuri, hiyo ndiyo uchungu. Hata mguu wangu ulitaka kuucheza.

Nikabeba mtoto nikakimbilia Kitale. Wanjala akachukua shamba la ndugu yake akapanda tumbaku mpaka kwa mlango wangu.

Huko Kitale nilipata chumba mtaa wa Kibomet, na kazi ya kuchagua maharagwe kwa stoo ya Mhindi mmoja mjini. Wamama tunakaa kwa magunia, mikono inachagua, midomo inaimba, ndivyo siku inaenda. Mimi nilikuwa nachagua kimya. Siku ya Jumapili kwaya ikisimama, natoka naenda kukaa chooni mpaka wamalize. Kuna siku mpita njia alipiga mluzi karibu na ule wa Simiyu, na mimi nikajikuta niko chini nyuma ya magunia, nimefunika kichwa na ungo. Wenzangu walicheka. Aki, ningekuwa wao ningecheka pia.

Lakini kile kilinimaliza ni Barasa. Alikuwa sasa mvulana mkubwa, anaosha vyombo nje, na watoto wa kutoka kwetu Bungoma walikuwa wengi pale plotini, wimbo walikuja nao. Nikamsikia anaimba. *Macho makavu, macho makavu.* Anaimba na furaha, anapiga sahani na kijiko. Hakujua ni nani. Nilisimama nyuma ya pazia ya mlango wangu, nikashindwa kutoka kwa nyumba niliyolipia mwenyewe, kwa sababu mtoto wangu anaimba.

Baadaye mwaka wake wa tohara ukafika. Akaniambia, "Mama, nataka kutahiriwa nyumbani kwa baba. Siwezi kutahiriwa Kitale kama mtu hana kwao."

Na alikuwa na haki. Kwetu kijana anatahiriwa kwa boma la baba yake, na akitahiriwa hapo hakuna mtu anaweza kumwambia tena toka. Akikosa hapo, Wanjala amekula shamba milele. Lakini nikimpeleka, watatuimbia. Na safari hii mtoto atajua macho makavu ni ya nani.

Nilimwambia jirani yangu Rispa, tunachagua naye maharagwe. Nilimwambia yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Rispa akaacha ungo.

"Kwa hivyo unaogopa wimbo?"

"Wewe hujausikia."

"Nimeusikia, si kijana wako anatuchosha nao kila siku. Sasa mwenyewe ndiye wewe! Mimi nilifikiri ni mtu mrembo."

Nilicheka, nikalia, vyote pamoja. Akasema, "Tutaenda wote. Nione huyo Wanjala ana mdomo wa saizi gani."

Tukaenda. Barasa alivaa njuga zake, akaenda Malakisi kwa ndugu yangu, na mjomba akamchinjia akamvika nyama shingoni vile desturi inataka. Mchana tukaanza kumrudisha Sirisia, umati nyuma, vumbi mpaka kwa nywele. Tulipokaribia boma, Wanjala akapita mbele akainua fimbo. Nikajua. Akautoa.

*Macho makavu, macho makavu.*

Barasa akaanza kucheza, maskini, wimbo anaujua. Halafu akaona watu wanaangalia wapi. Akaniangalia. Njuga zikanyamaza. Na kwetu kijana haingii kwa boma njuga zikiwa kimya, ni mkosi, watu wanasema atatetemeka mbele ya kisu. Wanjala alikuwa anatabasamu.

Ndugu zangu, kwetu msimu huo mwanamke anaitikia, hatoi wimbo. Sijui mdomo wangu ulifunguliwa na nani. Nilichukua sauti ile ile ya Wanjala, nikatoa:

*Macho makavu ni mimi.*
*Machozi niliyamaliza Simiyu akiwa hai.*
*Nililia kwa sauti, nyumba ni karibu.*
*Nani hakusikia?*

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia aibu mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu sasa mtoto wangu alijua baba yake alikuwa nini, na nilikuwa nimemwambia mbele ya watu wote. Nilitaka ardhi inimeze.

Halafu sauti nyembamba ikatoka kwa kiti hapo kwa mlango wa boma. Mama mkwe wangu. Mama yake Simiyu, mama yake Wanjala, amezeeka, miguu haimbebi. Akaitikia:

*Tulisikia.*

Wanjala akasema, "Mama, nyamaza." Yeye akaimba tena, *tulisikia*, na akaanza kupiga kiti na mkongojo. Rispa akaitikia, na Rispa miaka ile hakuwa huko! Halafu jirani mmoja, mwingine, wamama wanafunika uso na leso huku wanaitikia. *Tulisikia. Tulisikia.* Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, Nafula. Na njuga za Barasa zikaanza. Aliingia kwa boma la baba yake akicheza, machozi yanamtiririka, na kesho yake hakutetemeka hata kope.

Wanjala hakurudisha shamba lote, bado anakula upande wa mto, na mimi bado nina uchungu naye, siwadanganyi. Lakini Barasa alionyeshwa pahali pa kujenga, na akajenga. Mama mkwe alipokufa nilisimama kando ya jeneza lake, na sauti ilikuja yenyewe. Yeye nilikuwa na kitu cha kumtajia.

Asante yangu iende kwake, iende kwa Rispa amekaa pale anajifanya anafunga mtoto kanga, na kwenu mliokubali nikae hapa mwaka mzima bila kuimba nanyi. Aibu haijaisha. Nilifikiri ni yangu peke yangu, kumbe ilikuwa ya kijiji chote na nilikuwa nawabebea. Ukisikia mwenzako analia kwa nyumba ya pili, usingoje miaka uje uitikie kwa wimbo. Enda ubishe mlango leo.

Sasa mniruhusu. Nitatoa mimi, polepole. Nyinyi mnajua ya kuitikia.