Taya la Cucu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ai, hapana, itikieni kwa nguvu, leo sauti itoke kwenu. Mimi huu mdomo bado haujaamka wote, na nikirusha mate kidogo, nyinyi wa mbele mnivumilie.

Kwa wale hawanijui, naitwa Nyambura. Nauza mapazia Thika mjini, na nyumbani kwetu ni Kiganjo. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa baba yangu, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake, vile sisi Wakikuyu hufanya. Na sikupewa jina peke yake, nilipewa na taya! Taya pana, limechomoza huku na huku. Mtu aliyemjua cucu, yaani huyo nyanya yangu, akiniona anashika kifua: haiya, cucu amerudi! Baba hajawahi kuniita Nyambura. Ananiita Maitu, yaani mama, tangu nikiwa mdogo. Mimi ni mama yake, na hapo hakunanga mchezo.

Lakini ndugu zangu, hilo taya sikulipenda. Kwa picha zote za harusi, mimi ndiye yule ameshika shavu kama anayeumwa na jino. Basi nikapata daktari, nikaomba Mungu, nikamwambia baba nataka kupunguzwa mfupa. Baba alinyamaza. Akachukua jembe, akaenda zake shambani. Kutoka hapo hakunipigia simu, na hospitali hakukanyaga.

Nilipotolewa huko nililetwa kwa dada yangu Wairimu, hapa Ruiru. Ngai! Uso ulifura mpaka shingo ikapotea. Bandeji ilizunguka kutoka kidevuni hadi utosini. Nalala nikiwa nimekaa, mito mgongoni, barafu mashavuni. Uji nalishwa kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, na kwa sababu mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi, uji unateremka mpaka kifuani na mimi sina habari! Wairimu ananifuta kama mtoto. Na zile dawa zilinivuruga akili. Nikiamka nadhani niko Kiganjo, nasikiliza kama nitasikia kuku wa baba.

Nikaitisha kioo. Wairimu akakataa, nikamkasirikia kwa macho, akanipa. Ndugu zangu, huyo niliyemwona hakuwa mimi. Hakuwa cucu pia. Hakuwa mtu najua! Nikaanza kujiuliza maswali hayana kichwa wala miguu. Je, nimejitengeneza, ama nimemkata nyanya yangu? Kama sina uso wake, baba ataniita nani? Ataniita hata? Nataka kumshukuru Mungu, nataka kumwomba msamaha, nataka daktari anirudishie mfupa wangu, na yote nayataka saa hiyo hiyo! Nikajaribu kuomba, maombi yakakataa kutoka. Hebu jaribuni kusema “Bwana” bila midomo kukutana. Jaribuni! Mnaona? Nililia tu, na hata kulia kulikuwa kunauma.

Sasa sikieni Mungu. Asubuhi moja nikasikia kikohozi mlangoni, nikakijua. Ni baba! Amebeba chupa ya uji ule wetu wa kuchachuka, na amepika mwenyewe, mzee ambaye hajui hata sufuria zinawekwa wapi. Hakunisalimia. Aliniangalia, akaniangalia tena, akachukua sindano kwa mkono wa Wairimu, akaanza kunilisha.

Uji ulipofika nusu ndio akafungua mdomo. Akasema mama yake hakulipenda hilo taya hata siku moja. Eti siku ya kupigwa picha ya kitambulisho alijifunga leso mpaka machoni, akafukuzwa arudi bila leso. “Angepata daktari kama huyo wako,” baba akasema, “angekuwa amekutangulia.”

Nikataka kucheka. Woi, zile nyuzi nilizoshonwa mdomoni! Machozi na uji vikachanganyika, sijui nalia, sijui nacheka, mpaka leo sijui.

Wairimu ndiye alimuuliza lile mimi singeweza kutamka. Basi baba, kama si taya, mbona ulimnyamazia mtoto hivyo?

Baba aliweka sindano chini. Akasema, “Mama nilimzika mara moja. Niliogopa kumzika tena.”

Ndugu zangu! Mimi nilidhani ni hasira, kumbe mzee alikuwa anatetemeka huko shambani peke yake, akiogopa Maitu wake atafia kwa kisu cha daktari. Sijasimama hapa kuwaambia kama nilifanya vizuri ama vibaya, hilo bado linanichanganya, na kioo bado nakipita haraka. Lakini namshukuru Mungu kwa uhai, namshukuru kwa Wairimu, namshukuru kwa mzee wangu. Na wewe umekaa hapo ukidhani Mungu amekununia kwa sababu hasemi, nakuomba, usimkimbie. Mngojee. Anaweza kuwa yuko njiani anakuja na uji wako.